Nyundo ya Mama, Mikono ya Nchagwa

Jirani yangu hapa Turwa anajenga, na jana vijana wake walikuwa wanapasua mawe ya msingi. Nilikuwa nimeketi barazani, miguu imevimba kama kawaida yangu siku hizi, sina mpango wa kukumbuka chochote. Upepo ukaleta harufu. Jiwe likipigwa kwa chuma hutoa harufu. Inafanana na njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, ila ni kavu zaidi, na hukaa nyuma ya ulimi. Niliingia ndani nikafunga madirisha. Haikusaidia. Ilikuwa imeshaingia, na nyuma yake akaja mama yangu, amesimama juani na nyundo, midomo inacheza bila sauti: kisigino, kiuno, bega, mikono.

Kwetu hasa ni Machochwe, pembeni mwa hifadhi. Tulilima mahindi na mtama, tembo wakavuna. Walipovuna misimu miwili mfululizo, baba yangu, Marwa, alisema amechoka kuwa kibarua wa tembo. Ilikuwa ile miaka ambayo dhahabu iliwatia watu wazimu, walimu wanaacha chaki, wachungaji wanaacha ng'ombe. Tukavuka Mto Mara kwenda machimboni upande wa Tarime, mama akiwa na mdogo wangu Wankuru mgongoni, mimi na sufuria kichwani. Ninyi mliokuwa watoto wakati huo mnakumbuka miji ile ya maturubai: vumbi jeupe kila mahali, jenereta zinanguruma, redio tano zinaimba nyimbo tano. Watu wote walikuwa na rangi moja, ya majivu. Baba nilimtambua kwa mwendo.

Baba alikuwa mpigaji nyundo. Ndani ya duara, maana ndivyo walivyoliita shimo la mchimbaji, watu walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alishika moko, ile patasi ndefu ya chuma, akaielekeza kwenye mwamba. Mwingine alipiga. Kila baada ya pigo mshikaji aliugeuza moko kidogo ili usikwame, na mpigaji alipaswa kujua ni wakati gani chuma kimetulia tena. Akiwahi, akichelewa, akiyumba, mkono unaolipa si wake. Kwa hiyo watu walichaguana kama wanaooana. Mshikaji wa baba aliitwa Nchagwa, mtu mzima kuliko baba, aliyekuwa mpigaji mwenyewe mpaka mgongo wake ukakataa. Alitembea ameinama upande mmoja kama aliyebeba ndoo. Alikula kwetu karibu kila siku, na mimi nilimsalimia shikamoo kila siku, naye kila siku aliitikia marahaba kama vile ndiyo kwanza tunakutana.

Halafu duara likaanguka. Nilisikia watu wanakimbia, nikadhani kuna mtu kapata dhahabu, maana walikimbia vilevile. Nchagwa alitoka. Baba hakutoka, walimfukua. Tukamrudisha Machochwe tukamzika nyuma ya ghala lisilo na kitu.

Shangazi yangu Robi alikuja msibani kutoka ng'ambo ya Sirari, alikoolewa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule Kenya. Nilikuwa nimelala mapajani mwa mama, macho nimefumba, usingizi sina.

"Wewe, hebu niambie ukweli," shangazi alisema. "Huyo mtu mwenye walikuwa na yeye huko chini amerudi na miguu yake. Ndugu yangu amerudi kwa blanketi. Hiyo ni sawa kweli?"

Mama aliendelea kunipapasa kichwa.

"Amemwacha Marwa huko, amepanda juu peke yake. Na wewe utamwangalia tu?"

Mama aliacha kunipapasa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeota, "Mimi ninachotaka kwa Nchagwa ni mikono yake."

Nilikuwa sijafika hata darasa la pili, lakini nilikulia katika nchi ya watu wanaojua kulipizana, nilishasikia habari za ng'ombe walioibwa na mikono iliyokatwa kwa ajili yao. Niliielewa kauli ile kama mtoto anavyoweza kuielewa. Mama yangu atamsaga Nchagwa mikono.

Mwenye duara, labda kwa aibu, alikuwa amempa mama rundo la mabonge yaliyotolewa siku zile za mwisho, ndiyo iwe sehemu ya marehemu. Yalikuwa mawe makubwa mno kuingia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Ilibidi yapasuliwe kwanza, na vijana waliofanya kazi hiyo walidai nusu ya kila walichopasua. Wanawake machimboni waliponda vipande vidogo kwa nyundo ndogo, wameketi. Nyundo kubwa ilikuwa ya wanaume. Tuliporudi machimboni, mama alichukua nyundo ya baba kutoka chini ya kitanda, akaenda kusimama mbele ya rundo lake, akamtuma mtu amwite Nchagwa.

Alikuja akiinama upande wake. Hakumwangalia mama usoni.

"Shemeji," mama alisema, "ulimshikia Marwa. Nishikie mimi."

Nchagwa aliiangalia nyundo, akaliangalia rundo. Nilidhani atakimbia. Akavua kofia, akaketi chini, akanyoosha miguu yake pande mbili za bonge kama mtu anayekaa kula.

"Sishiki leo," alisema. "Leo piga jiwe tupu, nikuone."

Mama aliinua, akapiga. Nyundo ilidunda, ikamrudia, nikaona mpaka taya zake zinatetemeka. Jiwe halikuwa hata na alama.

"Umeanza na mikono," Nchagwa alisema. "Mikono ndiyo inachoka kwanza. Nyundo inaanzia kisiginoni."

"Kisigino kinapigaje jiwe?"

"Ukiwa na beseni la maji machafu unataka yaende mbali, unayamwaga kwa mikono?"

Mama alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala tangu msiba. "Kwa kiuno," alisema.

"Basi."

Hivyo ndivyo alivyojifunza, mchana baada ya mchana, mimi nikiwa chini ya turubai na Wankuru. Wenzangu waliniita kucheza, sikwenda. Kila nyundo ilipopanda juu nilijiuliza kama ndiyo siku yenyewe. Ndiyo maana naujua upigaji ule kuliko mengi niliyofundishwa shuleni: niliutazama kwa hofu, na hofu ni mwalimu asiyekubali usinzie.

Kwanza uzito wote unakaa mguu wa nyuma, goti limelegea. Mguu wa mbele unanyanyuka kidogo, unakanyaga. Hapo kiuno kinageukia jiwe, na nyundo bado iko nyuma, haijaambiwa kitu. Huo mwanya mdogo, kiuno kimekwenda na mikono imebaki, ndio wenye nguvu yote. Mwili unavutika kama kamba mbichi inayosokotwa. Bega linafuata kiuno. Mikono inakuja mwisho kabisa, na mkono wa juu unateleza kwenye mpini mpaka ukutane na wa chini. Mtu mgeni hufikiri mpigaji anaisukuma nyundo iingie kwenye jiwe. Hapana. Akishaielekeza anaiacha ianguke, na anakaza vidole pale tu inapogusa.

"Unaibana sana," Nchagwa alikuwa akisema. "Ishike kama unavyomshika mtoto sokoni. Asipotee, asiumie."

Au: "Usiiangalie nyundo, inajua njia yake. Angalia kichwa cha moko."

Au, mara nyingi zaidi: "Subiri, shemeji. Kule juu kuna mahali pa kupumzika. Ni padogo, lakini papo."

Siku aliposhika moko kwa mara ya kwanza, mama aliinua nyundo, akaishusha bila kupiga.

"Umeshatwanga na mwenzako kwenye kinu kimoja?" Nchagwa alimuuliza.

"Tangu sijaota meno ya utu uzima."

"Mliwahi kugongana?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mama akainua mabega. "Unasikia mwenzako amefika wapi."

"Basi nisikie. Nikigeuza moko unalia, krr. Ukilia, usishuke. Ukitulia, shuka."

Akapiga. Krr. Akapiga. Krr. Mara hiyo moja nilikuwa nimeziba macho, kwa hiyo nilisikia tu, na baada ya muda sauti ile ikawa kama mtu anayetembea bila haraka. Jiwe lilipopasuka lilitoa mlio mwingine, wa chini, kama mtu aliyekubali jambo. Nchagwa akapiga kelele ya furaha: "Hapo, mura!"

Mura ni kijana wa kiume, kwa Kikurya. Ndivyo alivyozoea kumwita baba. Aligundua alichokisema, akafunga mdomo. Mama akasukuma vipande pembeni kwa mguu, akaelekea kwenye bonge linalofuata.

Hata hapo sikubadilisha mawazo. Nilidhani anafanya mazoezi.

Mawe yale hayakututajirisha, niwaambie mapema msije mkangoja. Mengine yalikuwa na chembe, mengi hayakuwa na kitu. Tulikula. Nilirudi shule. Hayo ni mengi, ukijua tulikotoka, lakini mama alikuwa anakwisha. Mabega yake yalipanuka na uso wake ukapungua. Alichota maji kabla jua halijatoka, alipasua mawe mchana, aliponda vipande jioni pamoja na wanawake wengine. Sikumsikia akilalamika, ila niliona jinsi anavyoketi: alikuwa anajiachia kama mzigo, bila kuangalia anakalia nini.

Kisha Wankuru akashikwa na malaria. Mama alikesha naye, alfajiri akambeba mgongoni kwenda zahanati, akambeba kurudi. Jua lilipokuwa juu ya vichwa alinikabidhi mtoto, akachukua nyundo.

"Leo tupumzike, shemeji," Nchagwa alisema.

"Zamu yetu ya karasha ni kesho. Ikipita, tutangoja mpaka lini?"

"Mawe hayana miguu."

"Ila wezi wanayo. Shika."

Akashika. Nilikuwa natazama, kama nilivyotazama kila siku. Watu hudhani mtu aliyechoka huchelewa. Sivyo. Mtu aliyechoka huwahi, kwa sababu anataka yaishe. Niliona nyundo ya mama inapanda, na pale juu, pale mahali padogo pa kupumzika, haikupumzika. Mikono ilitangulia. Kiuno kilikuwa bado nyuma, kimesahauliwa, na nyundo ikaja chini imepinda upande.

Sauti haikuwa ya chuma.

Nchagwa hakulia. Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyeweka gunia chini, akaukumbatia mkono wake wa kulia tumboni. Na mimi, nimemkumbatia Wankuru aliyekuwa anawaka homa, nikajiambia: amefanya. Leo amefanya.

Nilimwangalia mama nione uso wa mtu aliyelipiza. Alikuwa amepiga magoti. Alichana kitenge chake kwa meno, anamfunga yule mzee mkono, na damu inapita kwenye kitambaa, na yeye anasema, "Tata, tata, nimefanya nini," kwa Kikurya, kama mtoto anayemwita baba yake. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Makamasi yalikuwa yanamtoka hayafuti. Watu wakakusanyika.

"Imekuwaje?" mmoja aliuliza.

"Mimi," Nchagwa alisema. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe kuliko vumbi. "Nimegeuza moko kabla ya wakati. Yeye hana kosa. Mimi nimewahi."

Nilijua ni uongo. Katika watu wote waliokuwa pale, ni mimi niliyejua, maana sikuwa nimepepesa macho. Moko ulikuwa umetulia. Hata krr ilikuwa imekwisha. Yule mtu niliyekuwa nikingoja aadhibiwe alikuwa ameketi vumbini, vidole vimesagika, anatafuta namna ya kumwondolea mama yangu lawama. Na mama yangu, niliyedhani anangoja siku hii, alikuwa analia kuliko alivyolia kwenye kaburi la baba. Kitu nilichokuwa nimekijenga kichwani tangu msibani kiliporomoka, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza niweke kipi badala yake. Wankuru akaanza kulia. Nikambembeleza kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua.

Walimpeleka Nchagwa zahanati kwa baiskeli. Vidole viwili vilikatwa. Mama alirudisha nyundo chini ya kitanda, akaanza kwenda kupalilia mashamba ya watu kwa debe la mahindi. Zamu ya karasha ilipita. Kila alipopita karibu na rundo aligeuza uso. Vijana wa nusu kwa nusu walianza kuja kulizungukazunguka, wanayagonga mawe kwa viatu.

Asubuhi moja tukasikia hodi. Alikuwa Nchagwa, mkono umefungwa bandeji chafu, ameinama upande wake kama zamani.

"Mama Ghati," aliita, maana Ghati ni mimi. "Toa nyundo."

"Karibu uji," mama alisema.

"Uji nitakunywa. Toa nyundo kwanza."

"Sipigi tena."

Hakubishana. Alienda mwenyewe mpaka kwenye rundo, akaketi, akanyoosha miguu pande mbili za bonge. Akauweka moko kwenye ufa kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akakaa hivyo. Jua likapanda. Watu walipita wakamsalimu, akaitikia, hakuondoka. Mwishowe mama alitoka na nyundo, anaiburuta, kichwa cha chuma kinachora mstari mchangani.

"Unataka nikumalizie na huo?" alimuuliza, kwa hasira.

"Nataka upige."

"Siwezi, shemeji. Nikiinua naiona ile damu."

"Mimi ndiye niliyegeuza."

"Acha. Mimi na wewe tunajua nani aliwahi."

Nchagwa aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, Wankuru kiunoni, amepona, anatafuna ukosi wa gauni langu. Ndipo mama alipouliza swali ambalo, nadhani, lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile duara lilipoanguka.

"Marwa alisema nini? Kule chini."

Nchagwa hakuinua uso.

"Tulisikia udongo unanong'ona," alisema. "Ngazi ilikuwa moja, nyembamba, anapita mmoja mmoja. Yeye alikuwa karibu nayo kuliko mimi. Nikamwambia panda, mura. Akanishika hapa," akagusa kola ya shati lake kwa bandeji, "akanisukuma mbele. Alisema, 'Wewe mgongo wako ni mbovu, utachelewa. Tangulia.' Nikatangulia. Nilikuwa nasikia anapanda nyuma yangu. Nilipofika juu sikumsikia tena."

Mama aliushika mpini kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ningekuambia mumeo amekufa kwa sababu ya mgongo wangu?"

Nilingoja mama apige kelele, au alie, au atupe nyundo. Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. Akapanga miguu. Nikauona uzito unarudi nyuma, goti linalegea, nyundo inapanda taratibu mpaka pale juu, na pale juu ikakaa. Ilikaa hata nikadhani haitashuka. Kisha kiuno kikageuka, bega likafuata, mikono ikaja mwisho, na chuma kikakutana na chuma katikati kabisa. Nchagwa hakuwa hata amefumba macho.

Krr. Akapiga tena. Krr. Bonge lilipofunguka lilifunguka lote, vipande viwili vikalala huku na huku kati ya miguu ya yule mzee.

Mama aliweka nyundo chini, akaketi juu ya kipande kimoja.

"Nimechoka, Nchagwa," alisema.

"Hata mimi," Nchagwa alisema.

Wakabaki wameketi pale, migongo imeinama, hawaokoti vipande, hawaangalii kama ndani kuna kinachong'aa. Nikaenda kuleta uji.